Kifudu Hakipigwi Bure

Mpishi wa shule haambiwi, anajua. Anajua nani hula mara mbili, nani humfichia mdogo wake chakula kwenye karatasi ya daftari, na nani huja Jumatatu tumbo likiwa halijaona kitu tangu Jumamosi. Nyamvula alikuwa amepika katika shule ile ya msingi ya Mjambere, Mombasa, kwa miaka kumi na sita. Walimu walikuja wakahamishwa, wakuu wa shule walibadilishwa mara nne, yeye na masufuria yake wakabaki. Alikuwa mfupi, mnene wa mikono, si mtu wa maneno. Ukimsalimia alikuitikia vizuri. Ukiongeza la pili alikuonyesha mwiko.

Jumatatu hiyo alikuwa akigeuza pure, mahindi na maharagwe ya watoto mia sita, aliposikia ngoma nyuma ya madarasa. Ngoma yenyewe haikuwa ajabu. Ijumaa ilikuwa Siku ya Utamaduni, na kwa majuma mawili shule nzima ilikuwa haisikilizani: huku sengenya ya Wadigo, kule vigelegele vya watoto wa Kiswahili wakifanya mazoezi ya harusi isiyo na bwana. Lakini hii ilikuwa nyingine. Tatu za haraka, kimya, moja nzito, halafu kimya kirefu. Mkono wake ukagoma katikati ya sufuria. Akauacha mwiko ndani, yeye ambaye angeweza kukufukuza jikoni kwa kosa hilo hilo, akatoka nje na aproni yake.

Nyuma ya darasa la gredi ya tano palikuwa na watoto kama ishirini. Wasichana walikuwa wamevaa hando, zile sketi za marinda marinda za bibi zetu, nyeupe pe, zilizoshonwa wiki iliyopita na mama zao. Mwalimu Felix alikuwa ameshika simu sikioni kwake, akilinganisha mdundo wa video simuni na wa watoto. Na aliyekaa kwenye ngoma kubwa alikuwa Sarah, mjukuu wake Nyamvula.

Kifudu, kwa asiyekijua, ni kilio. Kina ngoma, kina nyimbo, kina viuno na matusi ya kumwaga, hata mgeni akipita anaweza kudhani ni arusi. Lakini kwao Nyamvula, huko Kaloleni, hakichezwi mpaka pawe na maiti. Wanawake wenye kifudu hukitoa mtu mzima anapokufa, wakamwimba, wakakitukana kifo mpaka kione haya, kisha hukirudisha kikalala. Mwenye msiba ndiye hukifungua. Husimama akataja jina la marehemu, akaeleza alivyokufa, na lazima aseme kweli. Akisema uongo, au kikitolewa mbele ya watu pasipo na maiti, ni sawa na kwenda kwa kifo kubisha hodi. Kifudu kilichopigwa bure hujitafutia mtu wake, na hakiendi mbali, huanza na aliyeshika ngoma. Cheka ukitaka. Nyamvula hakucheka, kwa sababu mamake, Mbeyu, ndiye aliyekuwa akiongoza kifudu kile, na mdundo ule aliusikia tangu akiwa mgongoni.

"Mwalimu, simamisha," alisema.

Felix aliinua kichwa akatabasamu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye adabu zake, baba Mgiriama na mama Mgiriama, ila alizaliwa Kiembeni akakulia Kiembeni, na mila za kwao alizijua kama wengi wa rika lake wanavyozijua, kwa simu.

"Mama Nyamvula! Umesikia? Tumeipata?"

"Mmeipata. Ndiyo maana nasema simamisha. Hii si ya kuchezwa, mwanangu. Hii ni ya msiba."

"Najua ni ya msiba, mama. Nitawaeleza wageni kabla watoto hawajaanza, waelewe."

"Si habari ya kuelewa. Haipigwi kama hakuna aliyekufa."

Felix aliizima simu akamsogelea, akashusha sauti ili watoto wasisikie. "Mama, hawa watoto hawajui hata salamu za kwao. Mtu akiwaita Wagiriama wanaona wametukanwa. Mimi mwenyewe nilichekwa darasani kwa jina la babangu, nikarudi nyumbani nikiomba niitwe Felix tu. Sasa leo wana kitu chao, wanakipenda, wanakuja shule mapema kwa ajili yake. Halafu sisi wenyewe tuwaambie waache, kwa sababu tunaogopa?"

Yote aliyosema kijana yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililomkera Nyamvula. Akamtazama Sarah, mikono ingali juu ya ngozi ya ngoma, macho yanang'aa, akingoja kuambiwa aendelee. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mamake alikuwa Saudia akifanya kazi za nyumba za watu, na tangu aende huko Nyamvula ndiye aliyekuwa mama, baba na mlinzi. Alirudi jikoni. Pure ilikuwa imeshika chini, na watoto mia sita siku hiyo walikula chakula chenye harufu ya moshi.

Jumanne akaenda ofisini. Mwalimu mkuu, Bi Nadira, alikuwa mtu wa Kisauni tangu na tangu, wa zile nyumba za Waswahili ambazo husalimiana kwanza habari za wafu ndipo wakaja kwa walio hai. Alimwinukia kitini.

"Shikamoo, Ma Nyamvula. Karibu, keti. Wasemaje?"

"Marahaba, Mwalimu. Nimekuja kwa lile la kifudu."

Akaeleza. Bi Nadira alimsikiliza mpaka mwisho, haki yake apewe, wala hakutazama saa.

"N'kwambie ukweli, mama," akasema. "Wiki iliyopita, kwenye kiti hicho hicho ulichokalia, wamekaa wachungaji wawili, akaja na maalimu mmoja baada yao. Wote wataka ngoma zitoke. Wasema ni ushirikina, shule yafundisha watoto mashetani. Nikawajibu hapana, hii ni historia ya wana hawa, na mtoto hafichwi kwao. Wallahi nilipandisha sauti hata nikaona haya. Sasa leo nikiiondoa ya Wagiriama, ati kwa kuwa yaleta kifo, si nimewapa ushindi? Na wazazi je? Watasema Nadira, Mswahili, amewafuta wenyeji kwenye ratiba."

"Wachezeshwe nyingine. Ziko za arusi, ziko za mavuno."

"Zimebaki siku tatu. Atawafundisha nani? Wewe?"

Nyamvula akainamisha kichwa. Angeweza kuwafundisha, alizijua zote. Lakini kuingia katika nyimbo za mamake ni kuingia katika nyumba aliyoifunga kwa kufuli, na ufunguo akautupa mwenyewe.

"Mungu ndiye achukuaye watu, mama, si ngoma," Bi Nadira akamwambia kwa upole. "Hapatatokea neno, inshallah."

Ikabaki njia moja, nayo ilikuwa fupi: Ijumaa Sarah asiende shule. Jumatano jioni akamwambia hivyo, huku akichambua mchele ili asimtazame usoni. Mtoto alilia kilio cha kupiga miguu chini, na alipomaliza kulia akamwita hawe, yaani bibi kwa Kigiriama, akasema neno ambalo Nyamvula hakuwa amelifikiria.

"Nisipopiga mimi, hawe, atapiga Josephine. Mwalimu ashamfundisha."

Josephine alikuwa mtoto wa mama muuza mahamri wa pale kona, na kwa miaka mitano alikuwa akija jikoni kabla ya kengele kuulizia uji wa jana. Kumbe basi angemwokoa wake, akamweka mtoto wa mwenziwe kwenye kile kiti. Nyamvula aliendelea kuchambua mchele uliokwisha kuwa safi.

"Kwani hawe," Sarah akauliza, akijifuta kamasi, "mamako alipokufa, hakikupigwa?"

"Nenda kaoshe vyombo."

Hakikupigwa. Na aliyekizuia ni yeye.

Mbeyu alikufa mwezi wa Juni, mwaka wa korona. Alikuwa amekuja kukaa kwa bintiye Mjambere, akaanza kukohoa Jumapili, Alhamisi akawa hayupo. Mwili ulipewa karatasi za kuvukia hadi Kaloleni kwa masharti: watu kumi na watano, hakuna kugusa, hakuna kulala, hakuna kuimba. Na asubuhi ya mazishi, gari lilipokaribia boma, Nyamvula aliwaona wanawake wa kifudu wamesimama mpakani na ngoma zao. Walikuwa saba, mbele yao Mweri, shoga wa mamake tangu usichana. Hawakuwa na barakoa, wala hawakuonekana watu waliokuja kuomba ruhusa.

Sarah wakati huo alikuwa na miaka sita, na alfajiri hiyo alikuwa ameamka na kikohozi. Nyamvula alikuwa amemfunga leso mdomoni na kumpa vipande vya tangawizi anyonye ili kikohozi kisisikike na watu wa afya waliovaa meupe. Kule Mombasa alikuwa ameona nyumba nzima ikibebwa kwenda karantini, watoto kivyao, wazee kivyao. Akawaza: wanawake hawa wakiingia, patakuwa na vurugu, na palipo na vurugu kila mtu hupimwa. Akaenda nyuma ya choo, akampigia simu naibu wa chifu. "Njooni muwaondoe. Wataleta maradhi." Alisema maneno hayo hayo, kwa sauti yake mwenyewe.

Askari walikuja na marungu. Ngoma zikapasuliwa kwa mateke, wanawake wazima wakakimbizwa mihogoni kama kuku, na Mweri akaanguka, akapigwa akiwa chini. Kisha Mbeyu, aliyewalilia wafu wa watu kwa miaka hamsini, akashushwa kaburini kwa dakika arobaini, kimya, na watu asiowajua. Sarah hakupimwa. Kikohozi chenyewe kilikuwa cha vumbi, kiliisha Jumamosi.

Tangu siku hiyo watu wa Kaloleni walikuwa wakijiuliza chifu aliambiwa na nani, wala hawakupata jibu. Kifudu cha mtu aliyezikwa zamani kingali kinaweza kupigwa, si dhambi kuchelewa, na kila mwaka jamaa walimwuliza Nyamvula, naye kila mwaka akasema mwaka ujao, mambo hayajakaa sawa. Mambo yalikuwa sawa. Ila kukifungua ni kusimama mbele ya Mweri na kueleza alivyozikwa mama yako, na kusema kweli. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na Nyamvula miaka mitano alikuwa anakikwepa kilio chenyewe. Hakuwa amemlilia mamake hata chozi moja.

Ijumaa alifika shuleni kabla ya mlinzi kufungua lango. Alichukua ngoma kubwa kutoka darasa la tano akaifungia ndani ya stoo ya mahindi, akatia ufunguo kifuani. Ulikuwa ujinga, na aliujua kuwa ujinga. Saa tatu Felix akaja jikoni, shati jeupe, shanga shingoni, akanyoosha mkono bila hasira.

"Mama, ufunguo."

"Mwanangu, nakuomba. Kwa jina la babako uliyechekwa kwa ajili yake."

"Kwa jina lake ndiyo nafanya, mama," Felix akasema, na macho yake yalikuwa na majimaji. Nyamvula akampa ufunguo. Angefanya nini, ampige?

Mahema yalijaa. Palikuwa na afisa wa elimu na karatasi zake za alama, wazazi wa kanzu na wazazi wa fulana, watoto wamepakwa rangi usoni. Wana wa Kiswahili waliingiza arusi yao, bibi arusi mdogo akakanyaga buibui lake nusura aanguke, watu wakacheka kwa mapenzi. Watoto wa Frere Town, uzao wa watumwa waliokombolewa, walisimulia jinsi mababu wa mababu zao walivyoteremshwa kutoka melini wakiwa hawana kabila wala jina, wakaanza upya hapo hapo walipo. Wadigo wakacheza, vumbi likapaa. Ilikuwa siku nzuri. Bi Nadira alikaa mbele, uso wake umefunguka kwa furaha aliyoipigania. Na jikoni Nyamvula alikuwa akihesabu ngoma: zimebaki tatu, zimebaki mbili.

Ndipo mlango wa jikoni ulipotiwa giza na mtu.

"Hodi humu! Nimeambiwa wapishi ndio wajuao mambo. Msiba uko wapi?"

Alikuwa mwanamke mzee, mrefu, amejifunga kanga nyeusi kifuani vile wanavyojifunga wenye kazi ya kilio, na kifurushi kwapani. Nyamvula aliujua ule wima kabla hajaujua uso.

"Mwalimu mmoja kanipigia simu," Mweri akaendelea, akizoeza macho na moshi. "Kasema Ijumaa kuna kifudu Mjambere, mama njoo. Nimetoka Kaloleni gizani, nimepanda magari mawili, nafika naona watoto na maputo. Aliyekufa nani, mbona hakuna—" Akakoma. "Nyamvula? Nyamvula wa Mbeyu?"

"Abee, mama."

"Umekufiwa wewe?"

Felix, kumbe, ndiye aliyemwita. Mweri ndiye aliyekuwa akiimba kwenye ile video ya simu, kijana akatafuta namba yake ili aje aone watoto wakimheshimu. Hakujua kwamba huko kwao mtu haambiwi "kuna kifudu" ila kuna maiti imelala. Nyamvula alifumbua mdomo aeleze hayo, na kabla hajasema, sauti ya Felix ikavuma nje kwenye maikrofoni: "Na sasa, kutoka kwa Wagiriama, tunawaletea ngoma ya mababu zetu, kifudu!" Makofi yakapigwa.

Mweri alisikia. Uso wake ukabadilika polepole, kwanza hakuelewa, kisha akaelewa. "Wanataka kupiga bure?" akasema. "Watoto hawa? Nani kawafungulia?" Akamshika Nyamvula mkono. "Wewe ni damu ya Mbeyu, umekaa hapa unapika! Aliyekaa kwenye ngoma ni mtoto wa nani?"

"Ni wangu."

Alikimbia. Nyamvula hakuwa amekimbia kwa miaka ishirini, na watu waliokuwa hemani wanasema walidhani jiko limeshika moto. Alipita katikati ya wageni, akaingia uwanjani na aproni yake ya madoa, akasimama baina ya hema na watoto wakati mikono ya Sarah imekwisha kuinuliwa.

"Usipige!"

Sarah akabaki mikono hewani. Afisa wa elimu akamtazama Bi Nadira, Bi Nadira akainuka nusu. "Ma Nyamvula," akaita kwa sauti ya kubembeleza, "mama, yashakwisha hayo." Felix akaja, ameziba kichwa cha maikrofoni kwa kiganja. Watoto ishirini walimkodolea macho, Josephine miongoni mwao, midomo imepauka kwa kiu na woga. Majuma mawili ya mazoezi. Hando mama zao walizokesha wakishona. Nyamvula aliwatazama mmoja mmoja, akaona kwamba akiwaondoa sasa, mbele ya watu hawa wote, watakwenda na aibu hiyo hata wawe wazee, na hawatataka tena kusikia lugha ya bibi zao. Na akiwaacha, watapiga bure.

Nyuma yake Mweri alikuwa amefika, akihema.

"Hawatapiga bure," Nyamvula akasema. "Msiba upo. Ni wa mamangu."

"Mbeyu kafa zamani," Mweri akasema.

"Hakuliliwa."

Mweri akasema, si kwa ukali wala kwa upole, kama mtu anayetaja sheria: "Basi kifungue. Sema alivyokufa."

Felix hakuelewa yote, lakini alielewa ya kutosha, akampa maikrofoni. Nyamvula alisema kwa Kigiriama kwanza. Halafu, kwa kuwa kweli ikisemwa kwa wachache ni kama imefichwa, akarudia yote kwa Kiswahili. Alimtaja Mbeyu, akawataja wazazi wake. Alisema alikohoa siku nne. Alisema kuhusu watu wa meupe na dakika arobaini. Angeweza kuishia hapo, watu wangeona yametosha, tena wengine walikwisha anza kujifuta macho. Akamtazama Sarah.

"Wanawake wa kifudu walikuja kumlilia," akasema. "Walifukuzwa wakapigwa. Watu huuliza chifu aliambiwa na nani. Ni mimi. Nilikwenda nyuma ya choo nikampigia simu. Mjukuu wangu alikuwa anakohoa, nikaogopa watamchukua. Nilimchagua mtoto, nikamwacha mama azikwe kama mtu asiye na watu. Na huyu hapa, Mweri, alipigwa marungu kwa mdomo wangu mimi. Hiyo ndiyo kweli. Sina nyingine."

Baba mmoja, mzee wa kanisa lake Nyamvula, alisimama akamshika mwanawe mkono akaondoka naye, viatu vikisaga kokoto mpaka langoni. Nyamvula alimwona akienda. Hakujali, au alijali lakini si wakati huo, kwa sababu Mweri alikuwa hajasema neno. Mwanamke yule mzee alisimama akimtazama bila kupepesa, taya zinacheza. Nyamvula akadhani atapigwa, akaona heri apigwe.

Mweri akageuka kwa Sarah. "Wewe mtoto. Piga."

Sarah alimtazama bibi yake. Nyamvula akatikisa kichwa kukubali. Tatu za haraka, kimya, moja nzito. Mweri akaingia na sauti, na sauti hiyo haikuhitaji maikrofoni. Alimtukana Nyamvula. Alimtukana kwa jina, kwa umbo, kwa mikono yake minene, mbele ya afisa wa elimu na wazazi wote. "Nyamvula mla ukoko, mamako ulimzika kama paka! Simu ulipiga wewe, marungu tukala sisi!" Yale ya chumbani aliyameza kwa ajili ya watoto, ilionekana kabisa anavyoyameza, lakini mengine hakubakisha hata moja. Na huko ndiko kifudu kinakolipa watu haki zao: mwenye kosa huimbiwa kosa lake mpaka liishe, naye huitikia. Nyamvula akaitikia. Watoto ishirini wakaitikia pamoja naye, kwa maneno waliyofundishwa na simu wasijue maana yake, na sasa, kwa kumtazama tu mpishi wao, wakaijua.

Bi Nadira alikuwa wa kwanza kusimama. Akavuta mtandio wake mbele, midomo ikisema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," na hema zima likainuka nyuma yake. Afisa wa elimu aliitazama karatasi yake ya alama, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

Ngoma iliponyamaza, Felix alikuja akapiga magoti mbele ya Mweri, hajui aanze kuomba msamaha kwa lipi. Mweri akampita kama kwamba ni kiti. Alikwenda moja kwa moja kwa Nyamvula, akamsimamia karibu, jasho linamtiririka.

"Unakaa wapi?"

"Hapo tu, nyuma ya msikiti."

"Nyumba ina mkeka?"

"Uko mmoja."

"Kaazime mingine. Mtu haliliwi siku moja," Mweri akasema, akikifungua kile kifurushi chake na kutoa simu. "Wenzangu nitawapigia mwenyewe, sasa hivi, waje. Tulikuwa saba, tumebaki watano. Na safari hii atakayempigia chifu, nitamtafuna mbichi."

Nyamvula alifungua mdomo amjibu ndiyo, mama, na hapo ndipo kilio cha miaka mitano kilipomtoka. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi na kila kitu, amekaa chini katikati ya uwanja wa shule. Sarah aliiacha ngoma akaja kumkumbatia, na Mweri akamzuia kwa mkono. "Mwache," akasema. "Mwache amlilie mamake."